Muulize Mama: Kazi za ofisi yangu niwape kampuni ya India?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nna duka la jumla la pembejeo hapa Masasi, nna tawi Mtwara mjini na lingine Newala, wafanyakazi tupo 17. Mwezi uliopita kampuni moja ya Bangalore kule India wamenitumia ofa, wanasema watachukua kazi yote ya ofisi, yani kuingiza ankara kwenye kompyuta, kulinganisha hesabu za benki na za lipa namba, kutengeneza mishahara ya mwisho wa mwezi, na hata simu na meseji za wasapu za wateja watapokea wao, kwa dola 600 kwa mwezi. Sa hivi nna mabinti watatu ofisini na nikijumlisha mishahara yao na NSSF na mengineyo inafika karibu mara mbili ya hiyo. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema hao mabinti tumetoka nao mbali na hao wa India hawatujui. Mkataba ni wa mwaka na wanataka miezi mitatu ilipwe kabla. Nisaini? (Mfanyabiashara, Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisaini huo mkataba kama ulivyo. Sisemi kitu chenyewe ni kibaya, maana makampuni makubwa duniani yanafanya hivyo miaka mingi na yanafaidika, ila ofa yako imechanganya kazi za aina mbili ambazo hazitakiwi kukaa kapu moja, na nadhani mkamwana wangu ameliona hilo kabla yako.

Tuanze na hiyo dola 600 kwanza maana ndo iliyokuvuta. Ukimlipa mtu wa nje ambaye sio mkazi kwa ajili ya huduma, TRA wanataka ukate kodi ya zuio asilimia 15 uipeleke kwao. Angalia vizuri mkataba wako, nina hakika kama asilimia tisini kwamba umeandika dola 600 "bila makato yoyote", wengi wao wanaandika hivyo, maana yake kodi inakuangukia wewe na ili wao wapate 600 kamili hesabu yako inakuwa kama dola 706. Hapo bado gharama ya benki ya kutuma, bado shilingi ikiyumba ni juu yako, na bado suala la VAT kwenye huduma inayotoka nje ambalo kwako lina utata kwa sababu pembejeo nyingi zina msamaha, hilo kamuulize mhasibu mwenye CPA kabla ya kushika kalamu. Alafu lazima abaki mtu mmoja hapo kwako wa kuskani makaratasi na kujibu maswali yao, wale hawaoni stoo yako. Kwa hiyo ile "mara mbili" unayoiona inapungua sana.

Sasa kazi zenyewe. Sisi watu wa kusini tunaielewa hii habari kuliko wengi maana korosho yetu ghafi miaka yote inapanda meli kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mkulima wa Tandahimba anatoa korosho yake ikabanguliwe na watu wengine lakini mkorosho unabaki shambani kwake, na yeye ndo anajua upi unazaa na upi umeshikwa na ubwiri unga. Kwenye duka lako kuna kazi za kubangua, na kuna mkorosho wenyewe.

Kuingiza ankara na kulinganisha benki na lipa namba hiyo ni kubangua, mtu yeyote makini anaweza akiwa popote. Ila simu za wateja mwanangu! Mzee wa Kitangari anapiga simu mwezi wa tano anauliza salfa, ile dawa ya ubwiri unga, imefika au bado, anachanganya Kiswahili na Kimakonde, anasema "ile ya mwaka jana yule binti alonipa", na yule binti wako anajua ni ipi, anajua huyo mzee analipa minada ya korosho ikianza na hajawahi kumsumbua mtu. Nani Bangalore atamjibu huyo? Hata wakiajiri Mswahili, hajui. Mteja akishaona duka lako limekuwa na sauti ngeni atavuka barabara tu, Masasi maduka ya pembejeo yapo mengi.

Na mali kauli je? Najua unatoa, kila mwenye duka la pembejeo huku anatoa, mtu anachukua mifuko kumi kwa mdomo wake mpaka malipo ya AMCOS, yani chama chao cha ushirika, yaingie. Kwenye daftari la mabinti zako pengine imeandikwa jina na alama tu. Mhasibu wa nje atafanya nini na alama? Ataiweka kama deni lililopitiliza siku 30 atume meseji ya kudai kwa kiingereza kwa mzee wa watu, au ataiacha kabisa na wewe mwezi wa kumi na moja hujui unamdai nani. Hilo daftari lisitoke.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka 2013 Mtwara imechangamka na habari za gesi, mimi nlikuwa naendesha ofisi ya kampuni ya kukodisha magari, wenye kampuni wakaamua mishahara na kumbukumbu za safari zifanywe na kampuni fulani ya nje ili tupunguze watu. Wa kwanza kupunguzwa alikuwa dada mmoja aliyekuwa anashughulikia madereva. Mwezi wa kwanza tu ikaanza, posho za njiani ambazo dereva anapewa asubuhi akienda Lindi au Mingoyo, wale wakazisoma kama mkopo wa mshahara, wakazikata zote mwisho wa mwezi. Madereva wakapokea nusu mshahara, mmoja mtoto wake alikuwa anaanza shule mwezi huohuo, nakumbuka alivyosimama mlangoni kwangu bila kusema kitu. Ilituchukua miezi mitatu kurekebisha na wale jamaa hawakuwa wezi wala wajinga, walifanya walichoandikiwa, na sisi hatukuwaandikia kwa sababu utaratibu wote ulikuwa kichwani kwa yule dada. Nlienda mwenyewe Mikindani kumuomba aje atueleze. Alikuja, kwa heshima tu, siku mbili, hakudai hata nauli. Mpaka leo naumia kwamba nlisaini barua yake ya kuondoka.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu yeyote kazi yoyote, wakae mabinti zako waandike kila kitu kinavyofanyika hatua kwa hatua, ankara ikiingia inapita kwa nani, risiti ya EFD inawekwa wapi, vibarua wa kupakua wanalipwaje. Utashangaa utakavyogundua sehemu ambazo hela inavuja au kazi inafanywa mara mbili, na ukizirekebisha inawezekana hiyo nafuu unayoitafuta India ukaipata hapohapo Masasi.

Mishahara ya watu 17 sioni sababu ya kuipeleka nje hata kidogo. Ni kazi ya siku moja kwa mwezi, na ina mambo ya kwetu, PAYE yani kodi ya mishahara, na SDL yani tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo unalipa kwa sababu mmezidi kumi, NSSF, WCF yani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na tarehe 7 haisubiri. Wakikosea wao, faini inakuja kwa TIN yako sio yao.

Na kuna sheria ambayo wafanyabiashara wengi huku hawaijui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba za NIDA za wafanyakazi, mishahara yao, namba za simu za wateja, hizo ni taarifa binafsi na wewe kisheria ndo mkusanyaji, yule wa India anakuwa mchakataji tu. Unatakiwa uwe umesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzisafirisha nje ya nchi kuna masharti yake. Huwezi kuzipakia tu kwenye imeli ukazituma.

Ukubwa wa jina la kampuni pia usikupumbaze. Satyam ya Hyderabad ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za huduma za kompyuta India, wateja wake mashirika makubwa duniani, tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti wake akaandika barua kukiri kwamba hesabu za kampuni zilikuwa za kupika kwa miaka. Wateja waliamka asubuhi hawajui kazi zao zitaendelea au vipi. Sasa wewe hata hiyo ya kwako hujui ina wafanyakazi wangapi. Omba majina ya wateja wao watatu uwapigie mwenyewe, na miezi mitatu kabla usilipe, lipa kazi ikishafanyika. Ukidhulumiwa utaenda kushtaki Bangalore kwa nauli ipi?

Kama bado moyo unataka kujaribu, mi naona sawa, jaribu hivi. Wape tawi moja tu, la Mtwara mjini, na kazi mbili tu, ankara na kulinganisha benki. Anza Januari mpaka Machi, minada imeisha na salfa bado, biashara imepoa, na binti wa tawi hilo aendelee kufanya kazi ileile kwa mkono ili mlinganishe kila wiki. Usianze Oktoba hata wakupe ofa gani, ndo hela ya korosho inaingia na kwao ndo Diwali huwa inaangukia hapo Oktoba au Novemba, utapiga simu haipokelewi. Siku za kawaida saa hazina shida sana, wametutangulia saa mbili na nusu, wewe ukifungua saa 2 asubuhi kwao ni saa 4 na nusu, ila ukiwa na dharura saa 11 jioni wameshaenda nyumbani.

Kwenye mkataba hakikisha imeandikwa kwamba kumbukumbu zote ni mali yako na ukiachana nao wanazirudisha ndani ya siku kadhaa kwenye faili unaloweza kulifungua, wasimpe mtu mwingine kazi yako bila ruhusa, na kila upande unaweza kuvunja kwa notisi ya siku 30. Tokeni ya benki na namba ya siri ya lipa namba hawapewi, waangalie taarifa tu, kulipa unalipa wewe. Na nakala ibaki kwako kila Ijumaa, unakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima siku kadhaa, na huo ndo msimu wa salfa.

Mabinti usimwondoe hata mmoja mpaka hiyo miezi mitatu iishe. Ukiona kazi imepungua kweli, mmoja mpeleke Newala akafuatilie madeni, hapo atakuingizia zaidi ya hizo dola. Na onesha mkataba wote kwa mke wako.

SWALI: Mama habari, mimi nipo Lindi mjini nna diploma ya uhasibu sina kazi. Hizo kazi ambazo kampuni za nje zinawapa watu wa India, sisi huku hatuwezi kuzifanya? (Binti wa Lindi)

JIBU: Mnaweza, na usianzie mbali. Jifunze vizuri programu moja ya hesabu mpaka uijue kwa mikono, fanya vitabu vya maduka mawili matatu hapo Lindi kwa bei ndogo upate watu wa kukusemea, hata huyu kijana wa Masasi wa hapo juu angekuwa na mtu kama wewe asingewaza Bangalore. Kiingereza cha kuandika kifanyie mazoezi kila siku maana mteja wa nje atakujua kwa maandishi tu. Nyumbani uwe na laini za mitandao miwili na betri ya akiba, umeme wa kwetu unaujua. Na mtu akikwambia lipia kwanza ndo upewe kazi, au anataka picha ya kitambulisho chako cha NIDA kabla hujaona mkataba, huyo mfute hapohapo.