Jeki ya tani 20, gari la tani 7, na bado likaanguka

SWALI: Shikamoo Afande. Sisi ni kikundi cha vijana 12 tunaoishi chini ya mlima Kitonga, mkoani Iringa. Ajali ikitokea, mara nyingi ndio sisi tunaofika kwanza, kwa hiyo tulichanga fedha tukanunua jeki mbili za chupa, kila moja ya tani 20. Majuzi Canter iliyobeba viazi ililala ubavu pembeni mwa lami na kumbana utingo mguu. Tuliinua ukingo wa bodi, tukamvuta akatoka, na papo hapo jeki ikachomoka, gari likaanguka tena. Kwa makadirio yetu lilikuwa na tani 7. Fundi mmoja anasema tulihitaji jeki ya tani 50. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na ninawaomba msitoe hata shilingi moja kwa ajili ya hiyo jeki ya tani 50. Katika miaka niliyofanya kazi ya uokoaji na kuwafundisha wengine, karibu kila jeki niliyoiona ikichomoka ilikuwa na nguvu zaidi ya mzigo iliouinua. Tani zilizoandikwa ubavuni mwake zinaeleza jambo moja tu, yaani uzito ambao inaweza kuusukuma ikiwa imesimama wima juu ya sakafu ngumu na mzigo umekaa katikati ya kichwa chake. Hazisemi lolote kuhusu udongo ulio chini yake, wala kuhusu gari linalotaka kujizungusha.

Pigeni hesabu ya siku ile. Gari likiinuliwa upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado umelala chini, jeki hubeba karibu nusu ya uzito, yaani kilo 3,500 kwa gari lenu. Kitako cha jeki ya chupa chenye upana wa sentimita 15 kila upande kina sentimita za mraba 225, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya udongo ilibebeshwa zaidi ya kilo 15, ilhali udongo uliolowa wa pembeni mwa lami huanza kudidimia kwa kilo moja au mbili tu. Jeki ya tani 50 ingedidimia vilevile. Mngetandika chini yake mbao nene za upana wa nusu mita kila upande, safu mbili zilizopishana, mzigo uleule ungeshuka hadi kilo moja na nusu hivi kwa kila sentimita. Mbao moja nyembamba haitoshi, kwa sababu hupasuka katikati na kitako hupenya.

Kuna na jambo la pili, ambalo nadhani ndilo lililowaponza. Gari lililolala haliinuki wima kama ndoo inayotolewa kisimani. Hufunguka kama mlango, bawaba zikiwa upande ulioko ardhini, na kwa hiyo sehemu iliyokaa juu ya jeki hutembea pembeni kila inapopanda. Kichwa cha jeki ya chupa ni kidogo, ni chuma kitupu, na kimegusana na chuma kingine chenye rangi na pengine mafuta. Jeki huanza kuinama kidogokidogo, anayepiga mkono haoni kwa sababu macho yake yako kwa majeruhi, kisha inaruka. Ndiyo maana kabla ya kugusa jeki, upande ule usioinuliwa hukabwa kwanza kwa kabari na mbao ili usiteleze wala kubiringika.

Hata hivyo, kosa linaloniudhi kuliko yote ni kuigeuza jeki kuwa nguzo. Jeki ya chupa inashikilia mzigo kwa mafuta, mafuta yanazuiwa na oil sili ya mpira na valvu ndogo, na chembe moja ya mchanga kwenye valvu hiyo inatosha kuyaachia. Kazi ya jeki ni kupandisha. Kazi ya kushikilia ni ya mbao, na mbao hizo hupanda pamoja na mzigo tangu sentimita ya kwanza, si baada ya kumaliza kuinua. Mmoja anapiga mkono, mwingine anasukuma kabari kwa kipande kingine cha mbao, kamwe si kwa vidole, na amri inatoka kinywani mwa mtu mmoja tu. Ikiwa gari limepanda sentimita mbili, pengo lililo juu ya mbao lisizidi kiasi hicho, ili jeki ikichomoka mzigo ushuke upana wa kidole na si urefu wa goti.

Mbao hizo hupangwa kama kichanja: vipande vya inchi 4 kwa 4, viwili kwa kila safu, safu ya juu ikikatisha ya chini, ncha zikitokeza sentimita 10 nje ya mahali zinapokutana. Kichanja cha namna hiyo, mbao zikiwa nzima na mzigo umekaa sawasawa juu ya makutano yote manne, hubeba takriban tani 10. Sisi hatukukiruhusu kizidi mara mbili ya upana wake kwa kimo. Chagueni paini. Mninga ni mgumu zaidi, lakini paini ikizidiwa hubonyea na kulia kabla ya kuvunjika, na mlio huo huwapa nafasi ya kuondoka. Tofali la saruji halilii. Linasimama imara, na sekunde inayofuata limekuwa kifusi. Mawe nayo yana mgongo wa mviringo; yaacheni yalipo.

Zipo jeki zilizotengenezwa mahususi kwa uokoaji. Ni nguzo zinazorefushwa, zenye pini au meno ya kujifunga zenyewe, ambazo huegemezwa kwenye gari kwa mshazari, kisha kitako hufungwa kwa mkanda kwenye sehemu ya chini ya gari hilohilo ili nguzo, mkanda na gari viwe pembetatu isiyoweza kufunguka. Ni ghali, na bila mafunzo ni vyuma tu. Fedha ya jeki ya tani 50 inunue mbao, kabari na mikanda ya kufungia mizigo. Na majeruhi akiwa amebanwa kwa muda unaokaribia saa moja au zaidi, pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, na ikiwa hakuna moto wala hatari nyingine, msimfungue kabla tabibu hajafika, kwa kuwa sumu iliyojikusanya kwenye misuli iliyopondwa ikiachiliwa ghafla inaweza kusimamisha moyo.

Kuhusu huyo fundi wenu, ninawafahamu wenzake. Ndio wanaochomeka bomba la maji kwenye mkono wa jeki ili “iongezeke nguvu”, ndio wanaojaza mafuta ya breki jeki inapovuja, mafuta ambayo huivimbisha na kuiharibu ile oil sili ya mpira, na ndio wanaowauzia watu stendi za kuegemezea gari walizochomelea kwa vyuma chakavu ambazo hakuna aliyezipima. Jeki yenu iliyochomoka ichunguzwe: pistoni ikiwa imepinda hata kidogo au ina unyevu wa mafuta, hiyo si ya kutengenezwa tena.

Watu hawahawa hulala chini ya gari lililoshikwa na jeki moja, kila siku, kwenye gereji ambazo mimi na ninyi tunazipita. Kwenye tipa hali ni mbaya zaidi. Fundi huinua bodi tupu kwa pampu ya gari lenyewe, akaingiza kichwa na mabega kati ya bodi na chesisi kutafuta mahali panapovuja, bila kufikiri kwamba paipu anayotaka kuifungua ndiyo iliyobeba bodi hiyo. Nilishaitwa mahali kama hapo, na hatukuwa na mtu wa kuokoa. Tipa nyingi huja na nguzo ya chuma ya kuzuia bodi lisishuke wakati wa matengenezo. Ile ya gari lile niliikuta imefungwa kwa waya kando ya chesisi, rangi yake ya kiwandani haina hata mkwaruzo.