Muulize Muuguzi: Baba hataki tena kwenda barazani

SWALI: Shikamoo mama. Ninakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga. Baba yangu ana miaka 68, alikuwa fundi cherehani. Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu. Akishika mkasi unatulia. Tukasema ni uchovu wa kazi. Baadaye akaanza kuburuza mguu, sauti ikafifia, na uso ukakauka kiasi kwamba hata akifurahi hujui. Mwaka jana daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alituambia ni Pakinsoni, akamwandikia vidonge vya levodopa na kabidopa mara tatu kwa siku. Vinamsaidia.

Kinachotuumiza ni mengine. Baba alikuwa anacheza bao kila siku baada ya swala ya alasiri, kwenye baraza la kahawa karibu na nyumbani. Siku moja kete zilimponyoka zikatawanyika chini, kijana mmoja akasema, "Mzee leo kapiga ngapi?" Hajarudi tena. Mtaani wanasema amechezewa. Mama yangu, naye ana miaka 63, ndiye anayemvisha, anayemlisha na kumgeuza usiku. Mwaka huu hakwenda hata kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Ramadhani iliyopita baba aliacha vidonge vya mchana ili afunge, na siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani. Nimesikia Ulaya kuna wauguzi wanaozunguka majumbani kwa wagonjwa wa namna hii. Sisi hapa tuelekee wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na Ramadhani, maana hapo baba alipita karibu na hatari. Vidonge vya levodopa havikatishwi ghafla. Mgonjwa anaweza kukakamaa mwili mzima, akapanda homa kali, akachanganyikiwa, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Kabla ya mfungo ujao, nendeni kwa daktari na kwa imamu wenu mkiwa na swali moja. Imamu atawaeleza ruhusa ya mgonjwa kuliko mimi Mlutheri wa Machame, lakini mpelekee karatasi yenye saa za dawa, aone kwamba dozi ya mchana ndiyo inayomwezesha baba kwenda chooni mwenyewe.

Hizo saa ndizo nguzo ya kila kitu. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, na katika Pakinsoni chembe hizo zinakufa polepole. Kidonge kinaziba pengo kwa saa chache tu, kisha mwili unarudi kuwa mzito. Kikichelewa saa moja, baba anakuwa mtu mwingine. Ampeni nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada ya kula, kwa sababu nyama, samaki na maharage hushindana na dawa kuingia mwilini. Kama anaona dawa ya mchana haishiki, asogeze samaki wake kwenye chakula cha usiku, asiache kumla. Na kama anameza vidonge vya kuongeza damu, visiende pamoja na hivi.

Sasa nikuambie ninayajuaje haya. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, lakini Pakinsoni nilifundishwa na kaka yangu mkubwa. Alikuwa na kihamba cha kahawa na migomba, akiimba besi kwenye kwaya ya usharika. Alitetemeka miaka mitano bila jina la ugonjwa, na mimi muuguzi nikiwa dada yake wa damu. Nililibeba hilo peke yangu mpaka niliposoma kazi ya watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani kwetu Hai mwaka 2006. Katika watu zaidi ya 161,000 walikuta 33 wenye Pakinsoni, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wamekaa ndani, wanaitwa wazee, au wanasemwa wamerogwa, ilhali dawa ilikuwapo duniani tangu miaka ya 1960.

Kwa hiyo ukiniuliza muelekee wapi, sitakudanganya kwamba kuna jengo Tanga lenye kibao mlangoni linalowangoja. Msaada upo vipande vipande, na mtu mmoja katika familia lazima akubali kuwa mshonaji. Mtoto wa fundi, hiyo kazi ni yako.

Kipande cha kwanza ni baraza lile. Najua umelitaja kama kidonda, lakini mimi naona ndipo dawa nyingine ya baba ilipo. Kuokota kete, kuhesabu, kuzitembeza shimo kwa shimo, kubishana mtaji: hakuna zoezi la vidole na akili ambalo mtaalamu angemtungia likalishinda hilo. Usimpeleke baba kwanza. Nenda wewe, au kaka yako, ukakae na wazee wale wakati hayupo. Waambie jina la ugonjwa. Waambie si pombe, si uchawi, hauambukizi, na kwamba uso wake umekauka kwa sababu misuli ya uso imekuwa mizito, wala hajawakasirikia. Kisha waombe mambo matatu yasiyogharimu kitu: wacheze naye saa moja baada ya kidonge, wakati mwili wake ni mwepesi, wamsubiri zamu yake bila kucheza kwa niaba yake, na kahawa yake itiwe nusu kikombe. Yule kijana naye atafutwe, aambiwe kwa upole. Kwa kaka yangu, aliyekuwa akimcheka ndiye aliyekuja kuwa wa kumshika mkono kushuka ngazi za kanisa.

Kwaya nayo haikumwondoa. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, lakini kiti chake kilikaa palepale safu ya nyuma, na mwalimu wa kwaya alimtaka aimbe kwa kupaza hata kama noti imempita. Kupaza sauti ni zoezi halisi la Pakinsoni. Baba yako akiweza kusoma Kurani kwa sauti kila asubuhi, asome kwa sauti ya kusikika uani.

Kipande cha pili ni mama yenu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Barua yako inasema "sisi", kumbe watoto mpo, na mama anamgeuza baba peke yake usiku kucha? Mtu wa miaka 63 akiumia mgongo mtakuwa na wagonjwa wawili. Kaeni kikao. Andikeni kwenye karatasi, ibandikwe ukutani: nani analala chumba cha baba usiku wa Ijumaa, nani anashinda naye Jumamosi ili mama atoke, nani anafuata dawa kila mwisho wa mwezi. Aliye mbali atume pesa ya kumlipa kijana wa kusaidia kuogesha. Nasi tulichelewa. Wifi yangu alinywea mbele ya macho yetu, tukimsifu kwamba ni mke mwema, wakati alichohitaji ni usingizi. Mwaka ujao mama aende harusini.

Kipande cha tatu ni watu wa serikali waliopo hapo mtaani. Muulize mwenyekiti wa mtaa jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayehudumia eneo lenu. Huyu hatamtibu baba, lakini anaweza kupita nyumbani, kuangalia kama kuna vidonda vya kulalia, kama choo kinapatikana (kufunga choo huwatesa sana hawa wagonjwa), na kuwaandikia kwenda kituo cha afya. Hospitali ya mkoa, Bombo, ulizieni kitengo cha mazoezi ya viungo. Msiende kuomba kukandwa. Ombeni mafundisho: namna ya kumwinua bila kumvuta mikono, namna ya kumgeuza kwa shuka, namna ya yeye mwenyewe kuinuka kwenye kiti. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumwona kuhusu malipo, kwa kuwa sera ya nchi inawapa matibabu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nenda na kitambulisho cha baba na barua ya serikali ya mtaa.

Kipande cha nne mtakitengeneza wenyewe. Tulipoanza kikundi chetu tulikuwa wagonjwa wanne na ndugu zao, chini ya mwembe, Jumamosi moja kila mwezi. Tuliwapata kwa kumwachia mfamasia na mtu wa mazoezi namba ya simu, wakawa wanaitoa kwa yeyote anayekuja na cheti cha dawa zile. Hatukuwa na mfadhili. Tulipofika kumi na wawili, tulimpelekea mfamasia orodha ya vidonge tunavyohitaji kwa mwezi mzima, akaanza kuagiza kwa uhakika, kwa sababu awali dawa ilikuwa inakatika hana mteja wa kumshawishi kuiweka. Hilo peke yake liliokoa watu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuitoa wodini.

Pale ndipo mzee mmoja alitufundisha mistari ya chokaa. Kaka yangu alikuwa akifika mlangoni miguu inaganda, kana kwamba imegundishwa sakafuni, na ukimvuta anaanguka. Tukachora mistari myeupe sakafuni, hatua kwa hatua, kutoka kitandani hadi uani. Akiiangalia na kuivuka mmoja mmoja, miguu inafunguka. Wengine huhesabiwa "moja, mbili" kama gwaride. Jaribuni leo, chokaa ni bei ndogo.

Jambo la mwisho kwako, nalo lina uchungu wangu ndani. Kaka yangu alilazwa mara moja hospitali fulani kwa kutapika, akadungwa metoklopramidi. Ni dawa ya kawaida ya kutapika, kwa wengine haina neno, lakini inaizuia dopamini hiyohiyo tunayoitafuta. Kufikia jioni hakuweza kumeza mate. Nilifika kesho yake asubuhi. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, na hakurudi kuwa vilevile. Tangu hapo kila mtu wa kikundi chetu ana kadi mfukoni: jina la ugonjwa, saa za vidonge, na dawa asizopaswa kupewa bila daktari wake kujua, yaani metoklopramidi, haloperidoli, na sinarizini ya kizunguzungu. Mwandikie baba yako kadi hiyo kabla hujafanya lingine lolote katika haya niliyokuandikia.

SWALI: Mama, shikamoo. Niko Morogoro. Mume wangu ana Pakinsoni, na jirani ametuletea unga wa mbegu za upupu, anasema unaponya. Ni kweli au tunaliwa hela?

JIBU: Marahaba. Jirani hajatunga. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, ileile iliyo kwenye vidonge, na watafiti wa maeneo ambako vidonge ni ghali wanaichunguza kwa makini. Ila hauponyi, kama ambavyo vidonge haviponyi. Shida yangu ni kipimo. Kijiko cha leo na kijiko cha kesho havilingani, na mumeo akichanganya na vidonge anaweza kupata kichefuchefu, kushuka kwa presha akasimama akaanguka, au mwili kujinyonganyonga. Mpelekeeni daktari unga huo mezani kwake, mseme wazi. Msimwambie mzee aache vidonge ili ajaribu unga.

SWALI: Habari yako Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Nakuru, nina miaka 44. Mwandiko wangu ubaoni umekuwa mdogo hadi watoto wanalalamika. Nimeambiwa ni Pakinsoni. Nimwambie mwalimu mkuu, au nitapoteza kazi?

JIBU: Pole sana mwalimu. Watu hudhani huu ni ugonjwa wa wazee pekee, na ndiyo maana wenye umri wako huchelewa kutambuliwa. Mwandiko kusinyaa ni dalili inayojulikana vizuri. Jaribu kuchora mistari ubaoni kabla ya kuandika, herufi hukua zikiwa na mstari wa kufuata.

Kuhusu kusema: kabla ya mwalimu mkuu, tembelea ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, uulize utaratibu wa kupimwa na kusajiliwa. Si kila mwenye Pakinsoni changa atakubaliwa siku ya kwanza, lakini aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato, na mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60. Ukiwa na barua ya daktari mkononi, mazungumzo na mwalimu mkuu yatahusu vipindi vyako vipangwe saa zipi, si kama unaweza kufundisha. Nenda na mwalimu mwenzako unayemwamini, akae kando yako. Na Nairobi kuna vikundi vya watu wenye Pakinsoni vinavyokutana. Muulize daktari aliyekupima akuunganishe, utafute humo mwenye umri wako anayefanya kazi bado. Niandikie ukishatoka ofisini kwa mwalimu mkuu, nijue walikupangia nini.