Nimekwama kwenye Mambo ya Walawi: je, nimemkosea Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani hapa Tanga, nauza samaki wa kukaanga. Adhana ya alfajiri ikilia nami naamka, maana lazima niwahi Sahare kabla samaki hawajaisha. Januari nilianza kusoma Biblia nzima kwa mpango wa sura tatu kila siku. Februari nikakwama kwenye Mambo ya Walawi sura ya 13, habari za ukoma na vipele, na tangu hapo sijaifungua tena. Kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama kila mmoja huweka alama kuwa amesoma, mimi nanyamaza. Mmoja akasema Mkristo asiyesoma kila siku amemfungulia shetani mlango. Nikirudi usiku macho hayafunguki. Je, nimemkosea Mungu?

JIBU: Asifiwe milele, na marahaba mwanangu.

Nianze na huo mlango wa shetani, maana ndio unaokunyima usingizi. Hakuna andiko linalomhesabia Mkristo siku alizosoma na siku alizoruka. Bwana wetu alisema, "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato" (Marko 2:27). Kama siku iliyomo ndani ya Amri Kumi inasemwa hivyo, ratiba ya sura tatu iliyopangwa na watu juzi ina ukubwa gani? Ratiba ni mkongojo. Ikikusaidia kutembea, ishike. Ikianza kukuchapa, iegemeze ukutani.

Sasa fungua Ufunuo 1:3, na uitazame sarufi yake: "Heri asomaye na wao wayasikiao maneno ya unabii huu, na kuyashika yaliyoandikwa humo." Asomaye ni mmoja. Wayasikiao ni wengi. Ndivyo kanisa la kwanza lilivyokuwa: kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kilikuwa ghali, na wengi hawakujua kusoma. Mmoja alisimama akasoma, wengine wakasikiliza, wakaondoka nayo kifuani. Paulo naye aliagiza barua yake ikishasomwa Kolosai ikasomwe na Laodikia (Wakolosai 4:16). Hata huku kwetu, watu walibatizwa Magila, kule Muheza, kabla Biblia nzima ya Kiswahili haijachapwa mwaka 1891. Walikuwa na vipande tu, na imani yao hatuwezi kuiita nusu.

Simaanishi kwamba kusoma si kitu. Zaburi ya 1 inamsifu mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunamwona mtu kakaa kimya, kashika tama, anawaza. Neno la Kiebrania lililopo pale, haga, ni la mdomoni zaidi: ni kunong'ona, kuguna. Isaya analitumia kwa njiwa anayelia (38:14) na kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (31:4). Wewe unakaa Ngamiani, umewasikia watoto wa madrasa wakirudiarudia aya zao mpaka zinakaa ulimini. Mtunga zaburi angewaelewa mara moja. Na kazi ya namna hiyo haihitaji macho yaliyofunguka saa nne usiku. Inahitaji mstari mmoja uliouchukua asubuhi na kinywa kisicho na kazi njiani kwenda Sahare.

Kwa hiyo acha sura tatu. Chukua Marko, ina sura 16 tu, usome kisa kimoja kwa siku: mtu mmoja aliyeponywa, mfano mmoja, basi. Mwanao mkubwa kama anajua kusoma, mpe Biblia asome kwa sauti wakati wewe unapara samaki. Atakosea majina, mtacheka, na wewe utakuwa miongoni mwa "wayasikiao". Siku ukilala bila kusoma, umelala. Kesho endelea ulipoishia, bila kulipa deni la jana.

Ila kuna jambo litakaloniumiza nisipokuambia. Uliacha Walawi sura ya 13. Ungeongeza sura sita tu ungefika ya 19, na sura ile ni kama iliandikwa kwa mtu wa sokoni. Humo ndimo yalimo maneno "umpende jirani yako kama nafsi yako" (19:18), ambayo wengi wetu tunadhani yalianzia kwa Yesu. Yeye aliyanukuu kutoka kitabu hichohicho kilichokuchosha. Na mbele zaidi katika sura hiyohiyo, mstari wa 35 na wa 36, Mungu anadai mizani ya haki na vipimo vya haki. Wewe huuzi kwa mizani, unauza kwa fungu. Basi fungu lenye samaki wazuri juu na waliolegea chini, mstari ule umelifikia. Sikutuhumu mwanangu, sijawahi kununua kwako. Nakuonyesha tu kwamba Neno linapokuwa mdomoni asubuhi, mchana linakuta pa kufanyia kazi, na hapo ndipo kusoma kunapotofautiana na kuweka alama.

Wale akina mama wa kundini usiwachukie. Waambie tu ukweli, kwamba umepunguza mwendo. Nina hakika si wewe peke yako uliyenyamaza.

Na Walawi uirudie, safari hii anzia sura ya 19. Ya 13 na ya 14 utazisoma ukipata nafasi. Ya 14 inaeleza pigo linaloingia kwenye kuta za nyumba, plasta ikwanguliwe, mawe yang'olewe, udongo mpya upakwe. Watu wa bara huona ni habari za ajabu, lakini sisi wa pwani, tunaojua chumvi inavyokula ukuta, hiyo haitatushinda.