Mgongo wako haujalegea, umekaza

SWALI: Nina miaka 36, ni karani katika ofisi moja Mtumba. Kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa, zaidi nikikaa muda mrefu. Eksirei ilionyesha mkunjo wa asili wa mgongo umepotea na pingili zimeanza kusagika. Nikanunua mkanda, nauvaa kutwa, na ninajitahidi kukaa wima. Nafuu sioni. Je, misuli imelegea? Nimeelekezwa fundi wa kurudisha pingili pale sokoni, niende? (Msomaji, Nzuguni)

JIBU: Dada yangu, usiende. Hayo mengine tutayaongea, ila hilo litangulie.

Haipiti wiki sijaletewa bahasha ya picha kama yako, mwenyewe kaishika kama hukumu ya mahakama. "Daktari, pingili zimesagika." Sasa sikia. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo hauwaumi kabisa. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, yaani vile vijimto vya kati ya pingili, zilizochakaa; wenye miaka 80, asilimia 96. Ni mvi za mgongo hizo. Na mkunjo uliopotea mara nyingi ni misuli iliyokaza siku ya kipimo, au ulivyolazwa pale mezani.

Kuhusu kulegea, hapo ndipo ninapochokea. Nani aliwaambia watu kwamba kiuno kikiuma basi misuli imelala? Kwa wengi ninaowapokea ni kinyume chake: haijui kupumzika. Mtu mzima wa afya akiinama taratibu mpaka mwisho, misuli ya kiuno hufika mahali ikazima, uzito ukabebwa na kano. Wengi wenye maumivu sugu haizimi. Juzi mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, mtu wa kubeba kreti, nilimwomba aokote kalamu sakafuni huku nimemwekea kiganja kiunoni. Hajaanza hata kuinama, tayari kabana pumzi na kushika meza, na chini ya vidole vyangu nasikia kamba mbili ngumu kama mti. Kalamu tu!

Ni kweli miaka ya 1990 watafiti wa Australia waligundua kwamba kwa wenye maumivu ya kiuno, msuli wa ndani kabisa wa tumbo huchelewa kuitikia mkono unapoinuliwa. Lakini kuchelewa si kulegea. Watu wakalidaka hilo, wakaanza kufundishana kubana tumbo kutwa nzima. Baadaye ikaonekana kwamba kwa muda mrefu mazoezi hayo hayazidi mazoezi mengine ya kawaida.

Kwa hiyo huko kukaa wima kama askari wa gwaride ni mzigo mwingine unaojitwisha. Egemea kiti. Jikunje, jinyooshe, kila nusu saa simama, hata kama ni kufuata faili ambalo ungemtuma mtu. Asubuhi inama mara kumi ukitoa pumzi, uache mgongo ujikunje wenyewe. Shuka kituo kimoja kabla ya chako utembee, leo dakika kumi, wiki ijayo kumi na tano. Siku za mwanzo utasikia maumivu, na hayana maana kwamba kuna kitu kimekatika. Jipe miezi miwili. Mkanda upunguze saa moja kila siku mpaka uishie kabatini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, halishauri mikanda wala kuvutwa mgongo kwa maumivu sugu ya aina hii. Linashauri mazoezi na kuelimishwa, vitu ambavyo bahati mbaya havina duka pale sokoni.

Nirudi kwa fundi wako. Pingili haichomoki kama mnyororo wa baiskeli. Ingechomoka kweli, usingefika kwake kwa miguu. Kile kinacholia "ko!" ni hewa ndani ya kiungo, na nafuu yake hudumu mpaka unapofika kituo cha daladala. Wengine wanauza unga usio na lebo. Ukipona ndani ya siku tatu na uso ukaanza kujaa, shuku kwamba umelishwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Ukizoea, sukari hupanda na mifupa hulika. Wengine watakwambia ni ngiri, wengine figo, na kila mmoja ana chupa yake.

Kinachonitisha zaidi ni wale wanaokandwa miezi sita ilhali walihitaji hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo, ukafa ganzi sehemu za siri, au miguu ikaisha nguvu, nenda usiku huohuo. Na ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, unakonda bila sababu, omba upimwe kifua kikuu hata kama hukohoi. Kikiingia kwenye pingili hakina haja ya kikohozi, na mkandaji atakimwagia mafuta tu.