Yaris ya 2020 au Vitz iliyoitangulia? Jibu kwa mtumishi aliyehamia Dodoma

Mkuu, umesema umehamishiwa Mtumba, umepanga Nkuhungu, una mke na watoto wawili, na kwenu ni Kondoa. Unauliza ujikamue uagize Toyota Yaris ya 2020 kutoka Japani, au uchukue Vitz iliyoitangulia ubaki na chenji. Mimi nimemiliki Vitz muundo wa pili, sasa nina wa tatu, na Yaris ya shemeji yangu naishika usukani karibu kila tukiwa na msiba au harusi. Kwa familia yako ningechukua Vitz. Sababu ni hizi.

Vitz ya kwanza ilitoka 1999 kurithi Starlet, urefu wake mita 3.61. Ya pili ikaja 2005, ya tatu mwisho wa 2010, halafu Februari 2020 Wajapani wakaliacha jina la Vitz, gari ikaanza kuitwa Yaris kwao pia kama ilivyokuwa ikiitwa Ulaya tangu zamani. Gari imekuwa ikirefuka, na sasa tupo mita 3.94. Upana ndio umeganda kwenye sentimita 169.5 tangu ile ya 2005, kwa sababu kule gari ikizidi sentimita 170 inatolewa kwenye kundi la magari madogo. Kwa hiyo watu wazima watatu nyuma watabanana mabega tu, uchukue ya mwaka gani.

Cha kushangaza, pamoja na urefu huo, Yaris ndiyo yenye siti ya nyuma yenye dhiki. Walioichora walimfikiria dereva. Chasisi ni mpya kabisa, na Toyota wenyewe wanasema imepungua kilo kama 50 na kukaza kwa asilimia 30. Hilo kwenye lami unaliona. Njia ya Bahi kuelekea Manyoni, upepo ukivuma na basi likikupita kwa kasi, Vitz ya muundo wa pili ilikuwa inasukumwa pembeni mpaka nakaza mikono. Yaris inapita imetulia. Ila dirisha la nyuma ni dogo na limepandishwa juu, magoti yanagusa siti ya mbele, na mama mkwe alifika Kondoa analalamika kwamba safari nzima ameangalia kisogo cha dereva. Na wewe una watoto wawili, mizigo ya nyumbani, na kurudi lazima upewe gunia la kitu fulani.

Kitu ambacho wauzaji hawakutajii ni tairi la akiba. Yaris nyingi za Japani zinakuja bila hilo tairi, badala yake unakuta kopo la dawa ya kuziba na pampu ndogo. Kwao inatosha. Huku kwetu kwenye miiba ya migunga, ukichepuka kwenda kiwanjani Nala au Veyula tairi linaweza kuchomwa sehemu zaidi ya moja, na likichanika ubavuni ile dawa haisaidii chochote. Shemeji alinunua rimu na tairi la akiba, sasa linakula nafasi ya buti ambayo tangu awali haikuwa kubwa.

Injini. Ile ya 1.0 yenye silinda tatu, cc 996, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye Vitz ya 2005, ikaendelea kwenye ya tatu, ipo kwenye Passo, na Yaris ya bei ya chini bado wameiwekea. Mafundi wanaijua, spea zipo, mafuta inanusa tu, na kwa kuwa haivuki cc 1000 ushuru wa bidhaa haiuoni. Mjini haina shida. Lakini uipandishe milima ya Kolo kwenda Babati, mpo wanne na AC imewashwa, utaisikia inavyolia. Yaris ya 1.5 ina nguvu za kutosha, nayo silinda tatu, ila ni injini mpya kabisa na mafundi wa mtaani wenye uzoefu nayo bado wachache.

Haibridi, yaani ile ya petroli na umeme, nayo imeshaanza kusifiwa sana. Vitz ilipata haibridi mwaka 2017, na ile ya Yaris ilipimwa Japani kilomita 36 kwa lita, namba ya maabara hiyo, usiipangie bajeti. Mimi naogopa vumbi. Betri yake kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na tundu la kuvutia hewa liko chini ya siti ya nyuma. Ukiwa mtu wa kufungua vioo kwenye barabara za vumbi, na kiangazi chetu unakijua, chujio linaziba na betri inachemka. Anayelisafisha mara kwa mara hatapata tabu, ila wangapi wanakumbuka?

Kodi ndiyo inayoitetea Yaris. Gari ikifika miaka 8 inaanza kuongezewa ushuru wa uchakavu, ikizidi 10 unapanda tena. Yaris ya 2020 inaukwepa, Vitz kuukuu ukiiagiza mwenyewe haiukwepi. Weka zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujabishana na mtu. Kwa Vitz, ni afadhali ununue iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini.

Tafuta Vitz ya muundo wa tatu, ile ya injini ya 1.3 iliyotoka baada ya maboresho ya 2014. Nyingi zina mfumo wa kujizima kwenye foleni, na zinataka betri maalumu yenye bei. Ukikuta imewekewa betri ya kawaida, punguza bei hapo hapo. Za kuanzia 2015 baadhi zina kamera ya usalama nyuma ya kioo cha mbele, kwa hiyo kioo kilichopigwa jiwe siyo gharama ya kioo peke yake. Oili ya gia iwe ya CVT, yaani ya giaboksi isiyo na hatua za gia, fundi akitaka kumimina ATF, ile ya otomatiki za kawaida, eti zote ni sawa, chukua ufunguo wako uondoke.

Ungekuwa huna familia ningekwambia Yaris ya 1.5 bila kufikiri mara mbili. Bajeti yako hujaitaja, weka namba hapa tukupe mwelekeo.