Kabla ya kuuliza dozi, uliza kichupani mna nini

Watu wakiniletea protini zipigwe mionzi ya gama, swali lao la kwanza huwa ni dozi. Mimi huwageuzia: humo kichupani mna nini kingine?

Katika mmumunyo mwepesi, protini yenyewe hugongwa na mionzi kwa nadra sana. Kilichojaa mle ni maji, na maji ndiyo yanayomeza karibu nishati yote. Molekuli zake hupasuka na kutoa radikali za haidroksili (vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake, vyenye pupa ya kudaka vitu), elektroni huru na atomu chache za haidrojeni. Mkorofi mkuu ni haidroksili: hainyemelei, hudaka kitu cha kwanza inachokutana nacho.

Piga hesabu mwenyewe. Kila jouli inayoingia majini huzaa takriban maikromoli 0.28 za haidroksili. Kilogrei moja, kipimo cha dozi, ni jouli 1,000 kwa kilo, kwa hiyo lita moja inapata maikromoli 280. Lisozaimu, protini ndogo, ya miligramu 1 kwa mililita ni kama maikromoli 70 kwa lita. Hapo kila molekuli ina radikali nne zinazoitafuta, na ni kilogrei moja tu! Kwa kilogrei 25, dozi iliyozoeleka ya kutakasa vifaa vya tiba, zinafika mia. Ndiyo maana ukipunguza wingi wa protini, madhara yanaonekana makubwa zaidi kwa dozi ileile.

Sasa bafa, yaani kemikali ya kutuliza asidi ambamo protini huogelea. Mtu atakuja akijisifu kuwa kimeng'enya chake ni sugu. Nikimuuliza kimo ndani ya nini, ananijibu Tris, bafa ya kawaida, milimoli 50 kwa lita. Basi si sugu: Tris ndiyo imebeba kipigo, kwa kuwa huzidaka haidroksili upesi na iko tele kuliko protini. HEPES, bafa nyingine, na gliseroli nazo ni hivyohivyo. Bafa ya fosfeti haizigusi sana. Ukitaka kuona madhara, tumia fosfeti. Ukitaka kinga, ongeza kidakaji kwa makusudi, na ukiandike kwenye ripoti.

Oksijeni nayo hubadilisha matokeo kabisa. Isipokuwapo, radikali mbili za tairosini, mojawapo ya asidi amino, hushikana na kuunganisha protini mbili. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa utaona mkanda wenye uzito maradufu, na muungano huo hung'aa samawati chini ya mwanga wa urujuanimno. Ikiwapo, hujibandika kwenye radikali za uti wa mnyororo na kufanya perokisili (radikali yenye oksijeni mbili), kisha mnyororo hukatika, na jeli inaonyesha ukungu unaoshuka chini. Watu hugombana juu ya matokeo haya wakati wote wako sahihi. Isitoshe, maji yaliyokaa hewani yana oksijeni maikromoli 250 hivi tu kwa lita. Kichupa kikiwa kimefungwa huisha mapema, hivyo sampuli moja inaweza kuanza ikikatika na kumalizia ikishikana. Kwa dozi kubwa, pulizia gesi mfululizo, au kubali kwamba una mchanganyiko.

Kabla ya yote soma mfuatano wa asidi amino zako. Zenye salfa huumia mapema: metionini hubeba oksijeni, na kwenye kipima-masi utaona ongezeko la daltoni 16, uzito wa atomu moja ya oksijeni. Elektroni huru hupenda madaraja ya salfa mbili, yanayofunga sehemu za protini pamoja. Triptofani na tairosini ziko karibu kwenye foleni.

Kugandisha kwenye barafu kavu ndiyo kinga ninayoipendekeza kwanza, maana radikali hukwama zilipozaliwa. Ila mipigo ya moja kwa moja hubaki. Hata fuwele za protini zinazopigwa eksirei kwa kelvini 100 hukatika madaraja ya salfa, na asidi aspatiki na glutamiki hupoteza kaboni dioksidi.

Na usilete kichupa kimoja. Leta na pacha wake, asafiri naye, agandishwe na kuyeyushwa naye, ila asiingie kwenye chumba cha mionzi, ili tujue lipi limeletwa na mionzi na lipi na safari.