Ukuta wa chokaa na mashine ya presha

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu ya urithi iliyoko Mji Mkongwe, Zanzibar, imeota kuvu nyeusi kwenye ukuta wa nje. Kijana anayeosha magari mtaani amejitolea kuusafisha kwa mashine yake ya presha. Je, nimruhusu?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushauri usimruhusu. Mashine nyingi za aina hiyo hutoa maji kwa presha inayozidi bar 100, ilhali tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei tu. Sakafu ya zege huistahimili nguvu hiyo, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa ni laini na wenye vinyweleo, hivyo maji huing'oa lipu na kupenya ndani, yakafika hata kwenye vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani, ambavyo huoza taratibu bila mwenye nyumba kujua.

Kwanza chunguza mfereji wa paa, kwa kuwa mara nyingi kuvu hufuata mahali maji yanapovuja. Kisha, wakati wa kaskazi, sugua ukuta kwa brashi laini na maji kidogo, uuache ukauke kabisa, ndipo uupake chokaa upya. Rangi ya plastiki, ingawa wauzaji huisifu sana, huzuia unyevu kutoka.

Kijana huyo naye asikose kazi: mpe ua wa zege, mradi asimwelekezee mtu bomba, kwani maji hayo hupasua ngozi.